Mlango Ulioachwa Wazi Keza

Biharamulo, dukani

Kabla sijaona chochote nilisikia nguo ikichanwa. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la mchana, na macho yangu hayakuwa yamezoea giza la duka. Mlio ulianzia upande mmoja wa chumba ukaenda moja kwa moja hadi upande wa pili, ukanyamaza, ukaanza tena. Kisha mtu akasema kutoka gizani, "Usisimame mlangoni, kijana. Unanizibia mwanga."

Huyo ndiye Mzee Abdala, ambaye nimelitaja jina lake tangu nirudi bila kuwaambia zaidi. Mnaniuliza kila Ijumaa tunapokutana kusomeana, na kila Ijumaa nasema nitaandika. Sasa naandika. Habari za vibali na barua za ofisini naziruka. Hazikumuua nyati wala hazikumwokoa mtu.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Niliwasomea sura ya tatu ya riwaya yangu, ile ya mwindaji, na mmoja wenu akasema, "Mwindaji wako ananuka wino." Mkacheka wote. Nilicheka pia, nikarudi nyumbani nikiwa nimeumia, na kabla ya mvua za vuli nilikuwa nimepata, kwa rafiki wa rafiki, mtu mwenye bunduki aliyekubali nifuatane naye kuwinda nyati. Alikuwa mfanyabiashara wa Biharamulo. Babu yake alikuja kutoka pwani kwa miguu na mizigo ya chumvi na nguo, akaoa, akabaki. Mzee Abdala mwenyewe hajawahi kuiona bahari, lakini akisema "kwetu" anaelekeza mkono mashariki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika huku."

Nilishika ncha ya kitambaa. Kilikuwa bafta, nyeupe, mpya, bado na ule ugumu wa dukani. Aliitia meno ukingoni, akavuta, na mlio ule ukapita tena kati yetu.

"Mifuko ya nyama," alisema. "Nyati ukimkata bila nguo safi, mbali na nyumbani, unawalisha inzi. Bafta inapumua. Gunia halipumui." Alikunja kipande, akakiweka juu ya vingine. "Siku hizi wanaonunua bafta ni watu wa aina mbili. Wanaozika, na mimi."

Hakucheka aliposema hivyo. Ulikuwa mwaka ule ambao watu walivuka mto kule Rusumo wakiikimbia Rwanda, wengi kuliko macho yanavyoweza kubeba, na mji mzima wa Biharamulo ulikuwa umegeuka kuwa mahali pa kupitia: malori, vumbi, wageni wenye redio, na wenyeji waliosimama barazani mwa nyumba zao kana kwamba wao ndio wageni.

Tulishinda tukitayarisha vifaa. Alifungua bunduki yake juu ya gazeti, akapitisha kitambaa chenye mafuta mtutuni mara nyingi, akanipa nitazame ndani. Niliona duara la mwanga, dogo na safi, na nikafurahi kama mtoto. Tulinoa visu viwili, kimoja cha kuchuna na kingine kirefu ambacho alikifunga peke yake ndani ya kipande cha ngozi, akakitia chini kabisa ya mzigo bila kuniambia ni cha nini. Turubai, kamba ya katani, kidumu cha maji, chumvi ya mawe, viberiti ndani ya nailoni, unga wa muhogo, dagaa. Mimi nilikuwa na begi langu kutoka Mwanza. Alilifungua bila kuniomba ruhusa: buti mpya, koti la mvua la buluu, biskuti kwenye kopo la bati, sabuni yenye harufu ya maua, vitabu viwili vinene.

"Unahamia?" aliuliza.

"Ni vya safari, mzee."

"Sabuni hii ukiogea, nyati atakuchumbia."

Nyakahura, kungoja msafara

Tuliondoka juu ya lori la maharage, na alfajiri tukakuta Nyakahura imefunikwa na ukungu. Hapo malori yalikuwa yanazuiwa mpaka yawe mengi, ndipo askari wapande la mbele na la nyuma na msafara uende pamoja, kwa sababu ya majambazi. Tuliteremka kunyoosha miguu. Sikuona barabara, sikuona hata gurudumu la lori letu, lakini nilisikia mashoka. Si shoka moja wala kumi. Yalitoka pande zote, mengine karibu, mengine mbali sana, bila kupatana, kama mvua inapoanza kwenye bati. Hakuna aliyeimba. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu hawawezi kukata miti bila kuimba.

Ukungu ulipoinuka niliona kilima chenye visiki.

Kando ya barabara mwanamke mmoja alikuwa anachoma ndizi. Nilisimama mbele ya jiko lake na begi langu mgongoni, sijalala, nimejaa vumbi. Alinitazama, akasema kitu kwa Kinyarwanda, taratibu. Sikuelewa. Akarudia. Nilitaka kumwambia kwamba sijui lugha hiyo, lakini koo lilikuwa kavu na nikatoa sauti tu. Macho yake yakabadilika. Alichagua ndizi kubwa kuliko zote, akaifunga kwenye jani, akanitia mkononi, akanifumbata vidole. Kisha akaita wenzake, wakaja wanawake watatu kunitazama, na mmoja akaanza kutikisa kichwa na kupiga ulimi.

Mzee Abdala alikuja akiwa anakula mshikaki. "Vipi, mama? Umempata mwanao?"

"Huyu maskini," mwanamke alisema kwa Kiswahili, "amepotelewa na watu wake mpaka sauti imekwisha."

"Huyu? Huyu mwandishi wa Mwanza! Sauti anayo, tena nyingi. Anayo hata ya kuuza."

Wanawake walicheka wakashika magoti. Mimi niliona aibu, nikamrudishia ndizi. Aliikataa. "Kula tu," alisema. "Uso wako unastahili."

Niliila nikiwa nimekaa juu ya gunia, na barabarani watu walikuwa wanapita. Sitawaelezea. Nilijaribu, nikiwa pale pale, kutafuta maneno ya kuwaelezea, na kila neno lililokuja lilikuwa zuri mno. Mzee mmoja alikuwa amebeba dirisha. Dirisha tupu, fremu na vioo viwili, bila nyumba.

Ni hapo, tukingoja, ndipo Mzee Abdala aliponiambia habari za nyati. Nilidhani tunakwenda kutafuta nyati yeyote. Hapana. Tulikuwa tunamfuata mmoja.

Miezi kadhaa nyuma alikuwa amekwenda pori lile lile na kiongozi wake wa siku zote, Gervasi wa Keza. Alitaka nyama ya arusi ya mjukuu wake. Alimpiga dume begani, nyati akaanguka, na Gervasi akamwambia apige tena. "Lakini arusi ina wageni kutoka Bukoba na Mwanza," Mzee Abdala alisema. "Watu wa dini. Nilitaka kuwaambia kwa kinywa changu kwamba nimemchinja kwa mkono wangu akiwa hai. Nikamwambia Gervasi, ngoja, nisimmalize kwa risasi, nikachomoa kisu nikaenda." Alinyoosha mkono akanigusa bega. "Nilikuwa karibu kama nilivyo karibu nawe. Akainuka. Alinipita, hata hakunigusa. Akaingia kwenye vichaka, na mvua ikaja ikafuta damu."

"Na nyama ya arusi?"

"Tulikula mbuzi. Shehe aliniambia baadaye kwamba bismillahi juu ya risasi yatosha. Baadaye." Alitupa kijiti cha mshikaki. "Nyati aliyejeruhiwa hasahau harufu ya mtu. Siku hizi pori limejaa watu wanaokata kuni. Ameshaua, kijana. Gervasi amenitumia habari: njoo, nyati wetu ameua."

Keza, kufunga mizigo

Lori lilitushusha njia panda, na kutoka hapo tulisukuma baiskeli ya Mzee Abdala, tuliyokuja nayo juu ya lori, ikiwa imebeba mizigo, kwa njia za miguu, kati ya mihogo na migomba, hadi jua lilipokuwa juu ya vilima vya upande wa mto. Nyumba ya Gervasi ilikuwa ya udongo uliopakwa chokaa, na mlango wake ulikuwa mzuri kuliko nyumba. Mbao nzito nyekundu, bawaba za chuma, komeo kubwa la ndani lililofuliwa na mhunzi. Baada ya njia ndefu ya nyumba zilizofungwa kwa miti na mabati, nilishangaa kuuona umefunguliwa hadi mwisho.

Gervasi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ndevu chache za kijivu. Baba yake alimvusha mto akiwa mtoto, katika mkimbio wa zamani, na watoto wa wakati ule, waliosahau kuwa walikuwa wakimbizi, sasa wanawatazama wakimbizi wapya. Mkewe tulimwita Mama Yustina, kwa jina la binti yao aliyeolewa Rulenge. Alitupokea mizigo, akatupa maji ya kunawa, akatuandalia ndizi zilizopikwa na maharage na majani ya kunde. Alikuwa mcheshi mpaka Mzee Abdala alipofungua mzigo na bafta ikaonekana.

Aliitazama. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Mnakwenda kuwinda," aliuliza, "au kuzika?"

"Ya nyama, Mama Yustina," alisema Mzee Abdala. "Unaijua. Kila mwaka nakuja nayo."

"Zamani niliijua kuwa ya nyama."

Hakuigusa, na baadaye niliona ameweka ungo juu yake ili asiione.

Asubuhi iliyofuata tulifunga mizigo uani. Kule kwa Gervasi ni mke anayeufunga mzigo wa mwindaji, na mwindaji huujaribu. Mama Yustina alipanga vitu juu ya mkeka: unga chini, chumvi katikati, kisu pembeni, vyote vimeviringishwa kwenye nguo kuukuu. Kisha Gervasi aliuvaa mgongoni, akasimama katikati ya ua, akaruka. Mara moja, mara mbili. Sote tulinyamaza kusikiliza. Hakuna kilicholia.

"Sasa mwandishi," alisema.

Niliruka na begi langu. Lililia kama gari la vyuma chakavu. Mzee Abdala alilia kwa kicheko. Tulitoa kopo la biskuti, nikaruka. Tukatoa kijiko, nikaruka. Buti za ziada, nikaruka. Mwishoni kitu kidogo kiliendelea kugonga, na sote wanne tulikitafuta mpaka Mama Yustina akagundua kwamba ni meno ya zipu. Aliyashona kwa uzi. Sufuria langu jipya alilipaka masizi ili lisimeremete. Ilikuwa saa ya furaha; nataka mjue kwamba ilikuwepo.

Ndipo Mama Yustina, akiwa bado ana sindano mkononi, akasema bila kumtazama mumewe, "Safari hii naomba nifunge mlango."

Mzee Abdala aliangalia chini. Mimi peke yangu sikuelewa, na kama kawaida yangu nikauliza.

Ni desturi ya ukoo wa Gervasi, waliyokuja nayo kutoka ng'ambo ya mto. Majirani wengine hawaijui. Mwindaji akitoka, mlango aliotokea haufungwi mpaka arudi. Mlango unafungwa nyuma ya maiti tu, inapotolewa. Ukiufunga nyuma ya aliye hai umeliambia pori kwamba nyumbani hawamngoji.

"Baba yangu mdogo alikwenda kuwinda siku ya mvua," Gervasi aliniambia. "Shangazi akafunga, maji yasiingie. Basi."

"Basi nini?"

"Basi hakurudi."

"Na mimi?" alisema Mama Yustina. Sasa alimtazama. "Tangu watu hawa waje, na majambazi nyuma yao, nani anayelala wazi hapa Keza? Nani? Nyumba ya mwalimu wameingia. Kwa Sipriani wameingia, na Sipriani alikuwa na panga. Kila mtu anafunga jua likiwa bado juu. Wewe unakwenda kulala porini na bunduki, mimi nalala na tundu la mlango."

"Nenda ukalale kwa jirani."

"Nyumba ikae wazi bila mtu? Huko si ndiko kuwapa?" Alikata uzi kwa meno. "Usiende. Nyati si wako. Aliyemjeruhi ni huyu hapa, mzee wangu naye anisamehe."

"Anasema kweli," alisema Mzee Abdala.

"Niliyemfikisha kwa nyati ni mimi," Gervasi alisema. "Mgeni akijeruhi mnyama, mnyama ni wa kiongozi. Ameua mtu anayetafuta kuni. Akiua wa pili nitasema nini?"

"Utasema ulikuwa nyumbani na mkeo."

Nilitaka kuusema upumbavu wangu wa mjini, kwamba mbao ni mbao na komeo ni chuma. Nilifungua kinywa. Wote watatu walinitazama, hata Mzee Abdala, nikakifunga.

Mama Yustina alikunja mkeka. "Nitauacha wazi," alisema. "Nani atakayekubali aitwe mwuaji wa mumewe?"

Tuliondoka. Nilipogeuka kwenye migomba niliona mlango ule, wazi hadi mwisho, na yeye amekaa ndani, gizani, akichambua maharage.

Porini

Mlitaka kujua pori likoje. Kwanza halikuwepo. Tulitembea muda mrefu kati ya visiki, na mahali Gervasi alipotaja mti, "hapa kuna mninga mkubwa, tunapumzika," palikuwa na shimo na majivu. Alikuwa akitaja tu, mti baada ya mti, kama anayeita majina ya darasa lisilo na watoto. Tulipofika kwenye miti yenyewe, yenye giza na mizabibu ya mwitu, tulilala bila moto. Sikupata hofu niliyoitarajia. Nilipata kitu kibaya zaidi, kuchoka.

Siku iliyofuata Gervasi alipata nyayo. Alinionyesha kwato tatu zilizozama vizuri, na ya nne iliyokwaruza udongo.

"Bega," alisema Mzee Abdala kwa sauti ya chini. Alichomoa kile kisu kirefu kutoka kwenye ngozi yake, akakitazama, akamkabidhi Gervasi. "Kaa nacho wewe. Nikikiomba, usinipe."

Tulifuata nyayo zile. Zilikuwa zinarudi kule tulikotoka, kwenye visiki, kwenye watu. Gervasi aliharakisha. Tulitembea bila kusema, mizigo yetu hailii, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kimya kile ni cha nini: unasikia kila kitu kingine. Nilisikia ndege. Nilisikia mashoka, mbali. Kisha mashoka yakakoma upande mmoja, na watu wakaanza kukimbia.

Tulichelewa. Aliyeuawa alikuwa mwanamke. Mzigo wake wa kuni ulisimama kando ya njia umefungwa vizuri kwa gamba la mgomba, na kata ya kichwani ilikuwa juu yake, kana kwamba ameondoka mara moja na atarudi kuubeba. Yeye alikuwa hatua chache mbele. Nyati alikuwa ameshaingia mahali ambapo vichaka vinafungamana, na jua lilikuwa linakwenda.

"Nimfuate?" Mzee Abdala alikuwa ameshainua bunduki.

"Ndani mle, jioni hii, wa tatu utakuwa wewe," alisema Gervasi. "Tumtoe kwanza huyu."

Mzee Abdala aliweka bunduki chini. Alifungua mzigo wake, akatoa bafta yote, vile vipande alivyovichana nikiwa nimeshika ncha ya pili. Havikutosha kimoja kimoja. Tulivifunga viwili kwa viwili, na mikono yangu, ambayo hamjawahi kuiona ikifanya kazi yoyote, ilifanya hiyo.

Tulimbeba kwenye miti miwili hadi ukingoni, ambako watu wake walikuwa wamekusanyika na hawathubutu kuingia. Hawakupiga kelele. Bibi mmoja mzee sana alikuja, akapiga magoti, akapitisha vidole juu ya kitambaa kipya, kwenye pindo, mahali kilipochanwa kwa meno. Alisema maneno machache. Kijana mmoja akatutafsiria.

"Anawashukuru. Anauliza, mlijuaje hata mkaja na sanda?"

Gervasi alielewa swali kabla ya tafsiri, na alikuwa ameshageuka upande. Mzee Abdala aliinama akalinyoosha lile pindo. Mwishowe alisema, "Mwambie Mungu amrehemu," na kijana akatafsiri hilo.

Keza, kurudi

Tulirudi asubuhi kwa njia ya chini. Mlango tuliuona kutoka mbali, wazi kama tulivyouacha. Gervasi alivuta pumzi kama mtu anayetua mzigo. Hatukujua bado.

Mama Yustina alikuwa amekaa uani juu ya kinu kilicholazwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa na kanga kifuani, na mdomo ulikuwa umevimba upande. Jirani mmoja alikuwa anamkanda kwa maji ya moto. Alipotuona alikusanya kitambaa chake akaondoka bila kusalimia.

"Hawakuvunja kitu," alisema Mama Yustina. Alisema kwa utulivu, kama anayetoa habari za mavuno. "Waliingia kama wageni. Mmoja hata alipiga hodi."

Walichukua mablanketi, masufuria, baiskeli ya Mzee Abdala, mbegu za maharage zote. Alipowaambia mbegu waziache, ndipo walipomvunja mkono.

Gervasi alipiga magoti mbele yake. Alitaka kuushika ule mkono, akauogopa.

"Nilisimama pale," alisema mkewe, akielekeza kwa kidevu. "Niliwasikia wakipita kwa Sipriani, mbwa wanabweka. Nilishika komeo. Nilikuwa na muda, Baba Yustina. Nilishika komeo nikasema, nikifunga nimemwua. Nikaliachia."

Mzee Abdala alitoka nje ya ua, akakaa njiani, na niliona mgongo wake unatikisika.

Sijui ni nini walichosemezana mchana ule. Nililala kwenye migomba kama niliyekufa. Nilipoamka, Gervasi alikuwa anatengeneza bawaba. Aliipaka mafuta ya bunduki, akaujaribu mlango huku na huku, akalijaribu komeo. Kesho yake wangerudi porini, yeye na Mzee Abdala, wawili tu, wakiwa wepesi. Aliniambia hivyo kwa upole. Chakula kilichobaki hakikutosha watatu, na mimi nilikuwa na lori la kurudia. Sikubishana naye. Nilimwachia Mama Yustina blanketi langu, sufuria langu lenye masizi, koti la buluu. Biskuti tulikula asubuhi na chai isiyo na sukari, tukipitishiana kopo kama watu walio kwenye sherehe. Vitabu alivitazama, akanirudishia. "Hivi vibebe," alisema. "Huku vitawashia watu moto."

Mnaniuliza kama nyati aliuawa. Mnaniuliza kama Gervasi alirudi. Sijui. Nimewauliza madereva wa malori wanaotoka Ngara, na wao wananiambia habari za barabara. Nimeandika sura ya tatu upya mara nyingi, na mwindaji wangu hatoki nyumbani. Kila ninapomfikisha mlangoni kalamu inasimama. Naweza kuwapa nilichokiona tu, na hiki ndicho cha mwisho.

Mama Yustina alimfungia mumewe mzigo kwa mkono mmoja na meno. Gervasi aliruka uani. Haukulia. Mzee Abdala alikuwa ameshatangulia na bunduki, mimi nilikuwa na begi langu karibu na migomba, tayari kwa njia ya upande wa pili. Gervasi alipita kizingiti mara ya mwisho kuchukua kofia, akatoka, akasimama hatua moja nje.

"Funga," alisema.

"Sifungi."

"Mama Yustina, funga."

"Sifungi mimi. Nimeshavunjwa mkono kwa ajili yako, na sasa unataka nikuzike kwa ule mwingine?"

Gervasi alikuwa ameupa mlango mgongo, na uso wake niliuona mimi tu. Kisha akamwita kwa jina ambalo sikuwa nimelisikia katika nyumba ile.

"Anastazia. Funga."

"Basi nenda kwanza. Ufike mbali, ndipo nitafunga, usisikie."

"Hapana," alisema. "Funga nikiwa nasikia. Nikiwa kule nataka kujua kwamba umefungwa."

Jogoo alitembea kati yao. Kisha mlango ulianza kusogea, taratibu, bila mlio wowote kwa sababu ya yale mafuta, na weusi wa ndani ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatika. Gervasi hakugeuka. Alisubiri, kichwa kimeinama upande kama alivyofanya tulipokuwa tukiijaribu mizigo, mpaka komeo lilipoingia.